Kumuuliza ndugu yako rekodi za pesa si kumwita mwizi: funzo kutoka kwa Peugeot ya marehemu Baba

Kuna swali ambalo familia nyingi haziulizi, hasa baada ya msiba: "Zile pesa tulizotuma, zimefika wapi?" Hatuulizi kwa sababu tunaogopa. Ukimuuliza kaka mkubwa, utaonekana huna adabu. Ukimuuliza mjomba aliyeshika pesa za kamati ya mazishi, utaambiwa kusoma kumekuharibu. Basi tunanyamaza, tunatuma tena, na ndani tunachemka.

Maoni yangu ni kwamba swali hilo lina heshima kuliko ukimya. Miaka mitatu iliyopita nisingesema hivyo. Ni gari lililonifundisha, na karibu litugharimu kaka yetu.

Gari lenyewe

Baba alikuwa dereva. Kabla ya matatu za Nissan kuteka barabara, wasafiri wengi wa Nakuru na Nairobi walibebwa na Peugeot 504, zile ndefu zenye safu tatu za viti. Watu walikuwa wakiita Pijo tu. Baba aliendesha moja ya tajiri kwa miaka mingi, na tajiri alipoitoa kazini, Baba akainunua. Gia zake ziko kwenye usukani. Mimi nimezaliwa wakati biashara hiyo imeisha, lakini nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Huko Marekani ukitaja gari la zamani lenye nguvu, watu watafikiria Ford Mustang au Chevrolet Camaro, injini ya silinda nane na mngurumo wa kuamsha mtaa mzima. Kwetu nguvu ya gari tuliipima kwa matope, mawe, milima na mzigo. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Lakini cheti chake cha kweli ilikipata hapa. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena, safari hii kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Kabla yake, Peugeot 404 ilikuwa imeshinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Baba alizikariri tarehe hizi kama mtu anayekariri siku za kuzaliwa za watoto wake. Zetu alikuwa akizisahau.

Alipofariki, gari lilikuwa nyuma ya nyumba juu ya mawe, bila tairi mbili, kuku wakitagia ndani.

Watoto watatu, maoni matatu

Dada yetu, anayefanya kazi Mombasa, alitaka liuzwe. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa ameshakuja akatoa bei ya shilingi 35,000. Dada alisema pesa hizo zitalipa deni la jeneza na chakula cha matanga, na hakukosea. Kaka, anayeishi Nakuru karibu na Mama, alisema gari la Baba litakatwa vipande yeye akiwa kaburini, si kabla. Mimi nilikuwa Nairobi, nimemaliza chuo, na ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria picha. Nilisomea masoko. Nilishaona kichwani gari linang'aa, Mama amesimama mlangoni, na maneno mawili matatu ya kugusa roho chini yake.

Mama alitusikiliza sote. Amekuwa mweka hazina wa chama chao tangu mimi niko shule ya msingi. Akasema, "Hakuna kuuza, hakuna kutengeneza, mpaka karatasi ziwe sawa."

Mali ya marehemu si ya aliye karibu nayo

Hapa naomba usiruke, hata kama huna gari la kufufua, kwa sababu jambo hili linahusu pia simu iliyo mfukoni mwako.

Kaka alikuwa anajua namba ya siri ya Baba. Laini ilikuwa bado inafanya kazi, na kulikuwa na salio. Tulikaa mezani na ile simu katikati yetu, na kila mtu alikuwa na sababu nzuri ya kulitoa. "Si ni pesa zetu?" Hapana. Siku mtu anapofariki, pesa zilizo kwenye simu yake zinakuwa sehemu ya mirathi, sawa na shamba, ng'ombe na akaunti ya benki. Sheria ya Urithi ya Kenya, katika kifungu cha 45, inakataza mtu kuchukua au kuuza mali ya marehemu bila mamlaka, na imeweka adhabu ya faini au kifungo. Haijalishi kama wewe ni mtoto wa kwanza. Haijalishi kama Baba mwenyewe alikupa namba ya siri alipokuwa hospitalini.

Njia ya halali haina siri. Unachukua cheti cha kifo. Unaenda kwa chifu akuandikie barua inayotaja wanaostahili kurithi. Unaomba mahakamani hati ya usimamizi wa mirathi, ombi linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Hati ikitoka, kwa kawaida unasubiri miezi 6 ndipo uombe ithibitishwe ili mali igawanywe. Ukiwa na hati hizo, unaenda kwa kampuni ya huduma ya pesa kwa simu na kufuata utaratibu wake. Kwa gari, unabadilisha umiliki kupitia NTSA.

Kwetu shughuli hiyo ilimaliza karibu mwaka mzima. Mama na Kaka ndio waliokuwa wasimamizi. Nililalamika sana wakati huo, lakini sasa naona faida yake. Tungeanza kutengeneza gari wiki mbili baada ya mazishi, tungelitengeneza kwa machozi, na machozi hayajui bajeti.

Pesa zilivyopotea bila mwizi

Karatasi zilipokamilika tukakubaliana: gari litafufuliwa, na kila mtoto atatuma 6,000 kila mwisho wa mwezi kwa laini ya Kaka. Ni mkubwa, yuko Nakuru, na karakana ya fundi haiko mbali na kwake. Nani mwingine angefaa?

Mwezi wa kwanza mambo yakaenda. Injini ikashushwa. Fundi, mzee aliyewahi kufanya kazi na Baba, akatueleza kwamba injini ya 504 ina uzuri wake: slivu za silinda zinatoka. Zimezungukwa na maji ya kupozea, na zikichakaa unazing'oa, unaweka seti mpya ya slivu na pistoni, bila kuchonga bloku. Basi mwezi wa pili ulikuwa wa kununua seti hiyo. Mimi nikatuma 6,000. Dada akatuma 6,000.

Wiki mbili baadaye nikampigia fundi kumsalimia. Akaniambia, "Kijana wangu, slivu bado naziongojea."

Nikampigia Kaka. Akasema kesho. Kesho ikawa wiki. Wiki ikawa mbili. Kwenye kundi letu la WhatsApp dada akaandika sentensi moja: "Kuna mtu anakula marehemu."

Kaka akatoka kwenye kundi. Pasaka hakuja kwa Mama, wala watoto wake hawakuja. Mama alipika chapati za watu kumi tukala watu watatu.

Ukweli tuliupata baadaye, na hatukuupata kwa Kaka bali kwa mke wake, aliyemwambia Mama huku analia. Kaka alikuwa anatumia ile huduma ya kukopeshwa salio likiisha. Biashara yake ilikuwa imeyumba, karo ilikuwa imefika, akakopa kidogo kidogo mpaka deni likawa 9,400. Kama unaitumia huduma ya aina hiyo unajua inavyofanya kazi: pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako, deni hulipwa kwanza, papo hapo, bila kuulizwa. 6,000 zangu zikaingia, zikamezwa zote. 6,000 za dada zikaingia, 3,400 zikamezwa. Zikabaki 2,600.

Kaka hakula hata shilingi moja. Pesa za gari ziliingia na kutoka kabla hajafungua simu. Kosa lake ni kwamba aliona aibu kusema. Alikuwa anazunguka mjini akitafuta 9,400 azirudishe kimyakimya, na kila siku iliyopita ilimfanya afanane zaidi na mwizi.

Nimefikiria sana jambo hili. Tulimtuma Kaka kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka, halafu tukamlaumu kwa nini njia imelowa. Laini ya mtu binafsi si sanduku la familia. Ina madeni yake, mikopo yake, watoto wake, na namba yake ya siri inayojulikana na mtu mmoja tu. Ukituma pesa za wote huko, unamweka ndugu yako mahali ambapo hata akiwa malaika hawezi kuthibitisha kwamba ni malaika.

Kuna kosa la pili ambalo lilikuwa letu sote. Tulisema kila mtoto 6,000, tukaona ndiyo haki. Lakini kulingana si haki kila mara. Kwa dada 6,000 ilikuwa sawa. Kwangu ilikuwa ngumu. Kwa Kaka, mwenye watoto watatu na duka lisilouza, ilikuwa ni kumsukuma kwenye mkopo. Hakuna aliyemuuliza, na yeye kama kifungua mimba hangeweza kusema hana.

Mnunuzi mwenye majonzi ni chakula cha matapeli

Ili usifikiri namsema Kaka peke yake, ngoja nitaje aibu yangu.

Kabureta ya gari ilikuwa imekufa. Nikaandika kwenye mtandao, kwa ufundi wote niliofundishwa chuoni: natafuta kabureta ya Solex ya Peugeot 504, gari la marehemu baba yangu, bei si hoja. Haikupita saa moja mtu akanijibu. Anayo, safi kabisa, 14,000, nitume nusu aifungie kwa basi. Nilipoingiza namba yake, jina lililotokea kwenye simu halikuwa lile aliloniambia. Nikamuuliza. Akasema, "Ni laini ya wife." Nikatuma 7,000. Mpaka leo kabureta iko njiani.

Niliripoti siku iliyofuata, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti. Pesa zikishatolewa, kurejesha muamala huwa ni ndoto.

Mtu aliyesomea kuuza alikuwa ameuziwa hewa. Na nilijua kwa nini. Tunafundishwa kwamba watu hununua kwa hisia kwanza, hesabu baadaye. Nami nilikuwa nimeanika hisia zangu hadharani na kuandika juu yake "bei si hoja." Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayefufua kitu cha marehemu, iwe gari, cherehani au nyumba ya mabati: muuzaji haambiwi hadithi. Mwambie unatafuta spea, basi. Majonzi yako ni ya nyumbani.

Ushauri wa pili: lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha limewekwa pale likulinde. Likikataa kufanana, acha. "Laini ya wife," "laini ya boss," "laini yangu iko na shida," hizo zote zina tafsiri moja.

Kabureta tuliipata mwishowe Nairobi, pale Kirinyaga Road ambako wengi bado wanaita Grogan. Nilienda kwa miguu yangu, nikaishika kwa mikono, fundi akaiangalia kupitia simu ya video, nikalipa kwa till ya duka 4,500, nikapewa risiti.

Tulivyoanza upya

Mama ndiye aliyetuita. Alimwita Kaka kwanza, peke yake, wakaongea jikoni mlango umefungwa. Halafu akatuita sisi wengine. Dada aliomba msamaha kwa ile sentensi yake, kwa maneno yake mwenyewe na mbele ya mke wa Kaka, kwa sababu ndiye aliyekuwa amelala nayo usiku. Kisha Mama akatoa kalamu. Tukakubaliana haya.

Kwanza, pesa hazitatumwa tena kwa laini ya mtu. Tulifungua akaunti ya kikundi. Watoa huduma kadhaa wa pesa kwa simu na benki wanazo. Yetu inahitaji watu wawili waidhinishe kabla pesa hazijatoka: Mama na mmoja wetu. Pesa zikiingia au kutoka, wanachama wote wanapata ujumbe.

Pili, kila mtu alisema anachoweza, si anachopaswa. Dada 5,000. Mimi 3,000. Kaka 1,000, pamoja na kila Jumamosi yake kwa fundi, akikwangua kutu na kushika taa. Jumla 9,000 kwa mwezi, kwa miezi 18, zikiwa 162,000.

Tatu, Mama aliweka kikomo cha 160,000. Tukaandika: injini 62,000, bodi 38,000 kwa sababu sakafu na chini ya milango vilikuwa vimeliwa na kutu, tairi nne 24,000, breki na mabomba yake 14,500, betri 9,500, nyaya za umeme 7,000. Hiyo ni 155,000. Zilizobaki 5,000 ni za ada za miamala na chai ya mafundi. Watu wengi husahau ada. Ukitoa pesa kwa ajenti kila mara ili umlipe fundi mkononi, ada zitakula tairi moja. Fundi akiwa na till au namba ya malipo, mlipe huko, na utakuwa na rekodi bila kuandika chochote.

Nne, fundi analipwa kwa hatua. Kazi ikionekana, picha ikitumwa kwenye kundi, ndipo malipo yatoke. Mzee wetu hakukasirika hata kidogo. Alisema wateja wanaomlipa zote mwanzoni ndio hao hao humsumbua mwishoni.

Tano, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi taarifa ya miamala inasomwa kwa sauti. Wote wakiwepo, hata kama ni kwa simu. Mama husoma, sisi tunafuatilia.

"Lakini huko ni kukosa adabu"

Najua wako watakaosema hivi. Wakubwa wengi waliniambia. Baba mdogo alisema familia si kampuni, na kwamba siku utakapomdai kaka yako risiti ndiyo siku umeuza undugu. Sitaki kumpuuza. Kuna ukweli ndani yake: mtu anaweza kutumia rekodi kama rungu. Anaweza kuulizia shilingi mia mbili za mafuta ya taa ili tu amdhalilishe mwenzake. Nimeona chama kikivunjika kwa mtindo huo.

Lakini nina jibu, na jibu lenyewe ni Baba. Miaka yote aliyoendesha gari la tajiri, alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 48, kwenye kisanduku cha mbele cha gari. Kila jioni aliandika: abiria wangapi, mafuta kiasi gani, pancha, hata chai. Sisi tulilijua daftari hilo kama tunavyojua Biblia ya Mama. Hakuna hata siku moja aliposema tajiri anamdharau. Daftari lilikuwa lake kuliko la tajiri. Siku hesabu zilipokataa, alilifungua, akaonyesha, na mazungumzo yakaisha. Dereva asiye na daftari alibaki kuapa kwa jina la mama yake.

Kaka hakuwa na daftari. Sisi, watoto wa mtu yule, tulimnyima Kaka kitu ambacho Baba hakukosa siku hata moja, halafu tukashangaa kwamba hana cha kutuonyesha.

Rekodi humlinda anayeshika pesa kabla haijamlinda anayetuma. Hilo ndilo ningependa ubaki nalo ukisahau mengine yote. Kama wewe ndiye unayeaminiwa na familia, kamati, au kundi la marafiki, usisubiri kuulizwa. Dai mwenyewe rekodi iwepo. Ukipewa pesa za watu kwenye laini yako binafsi, kataa kwa upole. Na kama una mkopo kwenye simu, sema. Sentensi ya "nina deni, msinitumie huku" inaogopesha kwa dakika moja. Kunyamaza kulitugharimu Pasaka.

Na kama wewe ndiye unayetuma, angalia swali lako linavyotoka. "Pesa zimeenda wapi?" ni swali la polisi. "Tuangalie pamoja tumefika wapi?" ni swali la familia. Maneno yanatofautiana kidogo, lakini moja kati yao humfanya mtu atoke kwenye kundi.

Mahali tulipo sasa

Gari lilinguruma Jumamosi moja saa kumi jioni. Kaka ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo. Fundi alisema tusikanyage mafuta, liache lijipashe moto. Kaka alikaa pale ndani mikono yote kwenye usukani, hakusema kitu, na sisi hatukumsemesha. Dada alikuwa Mombasa, anasikiliza kwa simu. Alisema tu, "Ni yeye kabisa."

Umiliki sasa ni wa Mama. Tulilipia bima kabla gari halijagusa lami, kwa sababu sheria haijali kwamba ni gari la kumbukumbu. Safari ya kwanza ilikuwa kwenda Gilgil na kurudi, Mama mbele, sisi nyuma kama zamani. Gia ya tatu ilikataa mara mbili.

Nitakuwa mkweli: kibiashara, hesabu haikubali. Ukiweka 160,000 kwenye Peugeot ya umri huu usitarajie kuzirudisha ukiliuza. Kama familia yako ina deni linaloiuma, au mtoto ana karo, msikilize dada yenu anayesema uzeni. Anaweza kuwa ndiye mwenye akili. Sisi tuliweza kwa sababu deni la mazishi lililipwa kwanza na kikomo kiliheshimiwa. Ile ndoto ya picha ya gari linalong'aa niliiacha. Kwa sasa lina rangi tatu: ya zamani, ya kuzuia kutu, na mlango mmoja wa kijivu tulioupata kwa gari jingine.

Rangi itagharimu 45,000. Swali hilo lililetwa Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, taarifa ilipokwisha kusomwa. Kaka alikuwa wa kwanza kusema tungoje, kwa sababu mifereji ya maji kwenye paa la Mama imeoza na mvua inakuja. Tukapiga kura. Mifereji ikashinda, wanne kwa sufuri. Mama aliandika uamuzi huo, akafunga daftari, akalirudisha mahali lilipo siku hizi: kwenye kisanduku cha mbele cha gari.